Habari za Damu, na Jinsi ya Kumwokoa Mtu Atokwaye na Damu Nyingi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na watu wa mitaa, siku ya pili ya Yubile)



Nimeombwa niseme nanyi kwa muda mfupi juu ya kazi ya hospitali. Katika sikukuu kama hii ni desturi kuhesabu majengo yaliyojengwa na wagonjwa walioponywa. Mimi nataka kuanza na mtu mmoja ambaye hakupona, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha neno nitakalowaambia leo.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, aliletwa hospitalini kijana mmoja aliyegongwa njiani na pikipiki. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi. Watu waliomleta walikuwa wema. Walimwinua upesi, wakapata gari, wakamtia moyo njia nzima. Walakini hakuna hata mmoja aliyeweka mkono wake juu ya jeraha, kwa kuwa kila mtu aliiogopa damu. Alipofika alikuwa bado anasema. Aliomba maji. Jasho la baridi lilimtoka usoni, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Tulilikaza jeraha, kisha tukafungua jokofu la kuwekea damu, tukaliona halina hata mfuko mmoja. Ndugu zake wakatoka mbio kutafuta watu. Wakawapata watatu, wakarudi nao, wakatolewa damu, nayo ikapimwa kama ipasavyo. Saa kumi na moja jioni damu ilikuwa tayari. Lakini yule kijana alikuwa amekwisha kufa tangu saa tisa.

Tangu siku ile nimelishika neno moja, nalo ndilo hotuba yangu yote: damu imwokoayo majeruhi ni ile iliyotolewa kabla hajaumia.

Kwanza natutazame damu yenyewe. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 mwilini mwake. Ndani yake mna chembe nyekundu, zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali. Mna na chembe nyingine ndogo sana, ziitwazo chembe sahani, ambazo hukimbilia palipotoboka na kupaziba. Na mna maji ya rangi ya manjano, ambayo waganga huyaita plazma. Hayo hubeba vitu vinavyoigandisha damu, ili kizibo kile kiwe imara. Hivyo damu ni kitu kimoja kwa macho, lakini kazi zake ni nyingi.

Mtu akipoteza kiasi cha robo tatu ya lita, mwili hujikaza, na pengine usione dalili kubwa. Akipoteza lita moja na nusu, moyo hupiga mbio, ngozi hupoa, naye hushikwa na kiu na wasiwasi. Akipita lita mbili, yu karibu na mauti. Akili hupotea, husema ovyo, kisha husinzia. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, haya yote yaweza kutimia kwa dakika chache tu. Tena msidanganywe na ardhi kavu. Damu yaweza kumwagika ndani ya mwili, isionekane nje hata tone moja. Paja lililovunjika laweza kuficha lita nzima au zaidi, na tumbo, kifua na nyonga huficha zaidi ya hapo. Basi mtu aliyeanguka juu ya mnazi, au aliyepinduliwa na gari, akiwa baridi na mwenye kiu, mhesabuni kuwa atokwa na damu, ijapokuwa nguo yake ni safi.

Sasa mtauliza: Je, watu walijuaje kuitoa damu ya mtu mmoja na kumtia mwingine? Njia ilikuwa ndefu, yenye vizuizi vingi, na kila kizuizi kiliondolewa kwa taabu.

Katika mwaka 1628 mganga Mwingereza, jina lake William Harvey, alitoa kitabu kuonyesha ya kuwa damu huzunguka mwilini, ikisukumwa na moyo. Watu walipokwisha kujua hayo, wakaanza kuwaza: ikiwa damu huzunguka, je, haiwezi kuhamishwa? Mwaka 1665, huko Oxford, Richard Lower aliitoa damu ya mbwa mmoja akamtia mbwa mwingine aliyekuwa karibu kufa, naye akafufuka. Mwaka 1667, katika mji wa Paris, Jean-Baptiste Denis alimtia kijana wa miaka 15 damu ya mwana-kondoo. Kijana yule alipona. Lakini mgonjwa mwingine wa Denis alikufa, mambo yakafika barazani, na kazi ile ikapigwa marufuku. Ikalala karibu miaka 150.

Aliyeiamsha ni James Blundell wa London. Yeye aliwaona wanawake wakitokwa na damu baada ya kuzaa hata wakafa mbele ya macho yake, akakataa kukaa bure. Alifundisha ya kuwa mwanadamu apewe damu ya mwanadamu tu, na tangu mwaka 1818 akaanza kufanya hivyo. Baadhi ya wagonjwa wake walipona, na wengine walikufa, wala hapakuwa na mtu aliyejua sababu.

Sababu iligunduliwa na Karl Landsteiner katika mji wa Vienna. Mwaka 1901 alieleza ya kuwa damu za watu hazifanani zote. Zina makundi, na baadhi yake zikichanganywa hugombana, chembe zikashikamana na kuharibika. Ndiyo makundi tuyajuayo leo: A, B, AB na O. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Basi kizuizi cha kwanza kikaondoka.

Cha pili kilikuwa kuganda. Damu ikitoka mwilini huganda kwa dakika chache, kwa hiyo mtoaji na mpokeaji ilikuwa sharti walale bega kwa bega. Mwaka 1914 Albert Hustin huko Brussels, na Luis Agote huko Buenos Aires, walionyesha ya kuwa ukitia chumvi iitwayo sitrati kwa kipimo kidogo, damu haigandi, wala mgonjwa hadhuriki. Ndipo damu ikaweza kuwekwa chupani.

Na hapa nawaomba msikilize sana. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, mganga mmoja wa jeshi la Marekani, Oswald Hope Robertson, alikuwa akiwahudumia majeruhi nchini Ufaransa. Aliwachagua askari wenye damu ya kundi O, ambayo aghalabu yaweza kupokewa na watu wa makundi mengine; akawatoa damu mapema, akaitia katika chupa zenye sitrati na sukari, akaziweka katika barafu, akaenda nazo karibu na mahali pa vita vya Cambrai. Majeruhi walipoletwa, damu ilikuwa imekwisha kufika. Zamani majeruhi aliingojea damu; siku ile damu ilimngojea majeruhi. Katika habari zote za kazi hii sijui badiliko lililo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1937 Bernard Fantus alifungua ghala la namna hii katika hospitali ya Cook County mjini Chicago, akaliita benki ya damu, na jina hilo limedumu hata leo.

Kizuizi kingine hakikuwa cha elimu, bali cha moyo wa wanadamu. Mwaka 1940 mganga Mmarekani mweusi, Charles Drew, aliisimamia kazi kubwa ya kukusanya plazma na kuipeleka Uingereza iliyokuwa vitani. Lakini katika nchi yake mwenyewe damu ya watu weusi ilikataliwa hapo kwanza, kisha ikapokewa na kutengwa mbali na damu ya watu weupe. Na desturi hiyo ya kutenga, Msalaba Mwekundu wa Marekani haukuiacha hata mwaka 1950. Drew alisema waziwazi ya kuwa haina msingi wowote katika elimu. Ndivyo ilivyo. Damu huulizwa kundi lake, na kama ina ugonjwa. Haiulizwi kabila wala rangi.

Kizuizi cha mwisho kiliwekwa na sisi waganga wenyewe. Kwa miaka mingi tulifikiri ya kuwa mtu aliyepungukiwa na damu ni kama mtungi uliopungua maji. Kwa hiyo tukamtundikia dripu za maji ya chumvi, chupa juu ya chupa. Lakini kila mama aliye hapa ajua: ukiongeza maji katika tui, sufuria hujaa, lakini tui halipo tena. Maji ya chumvi hayachukui hewa, wala hayagandishi. Yakizidi huzimua damu iliyosalia, humtia mtu baridi, tena huzidisha nguvu ya msukumo, hata kizibo kilichoanza kufanyika kikang'oka.

Mwaka 1994, katika mji wa Houston nchini Marekani, walichapisha habari za majeruhi 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kiwiliwilini. Waliotiwa maji mengi mara moja, walipona 62 katika kila 100. Waliongojewa mpaka wafike chumba cha kupasuliwa, walipona 70. Mwaka 2003 waganga wa London walionyesha ya kuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne walioumia vibaya hufika hospitalini damu yake ikiwa imekwisha kupoteza nguvu ya kuganda. Basi waganga wakageuka. Sasa mtu atokwaye na damu nyingi hupewa chembe nyekundu, plazma na chembe sahani kwa vipimo vinavyokaribiana, au damu nzima kama ilivyotoka kwa mtoaji. Mwaka 2015 ilitolewa habari ya majeruhi 680 wa Amerika ya Kaskazini. Waliopewa vyote vitatu sawasawa, waliokufa kwa kutokwa na damu katika siku ya kwanza walikuwa kiasi cha 9 katika 100, na waliopewa chembe nyekundu maradufu walikuwa kiasi cha 15. Ukihesabu vifo vyote vya mwezi mzima, tofauti haikuwa ya hakika. Lakini katika saa zile za kwanza faida ilionekana.

Iko na dawa moja ya kusaidia, iitwayo asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa na Utako Okamoto na mumewe Shosuke huko Japani. Kazi yake ni kukilinda kizibo kisiyeyuke. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ya kuwa dawa hii hupunguza vifo. Bei yake si kubwa. Lakini sharti itolewe kabla ya kupita saa 3 tangu mtu aumie. Ikichelewa zaidi, haifai, hata yaweza kudhuru. Walakini msidhani kuwa dawa hii ni badala ya damu. Hakuna fundi wala kiwanda duniani kiwezacho kuitengeneza damu ya kumtosha mtu aliyepoteza lita mbili. Hutoka kwa mwanadamu, au haipatikani.

Basi imetupasa nini? Nina mambo mawili, moja la mkono na moja la moyo.

La mkono ni hili. Ukimkuta mtu atokwa na damu nyingi, usingoje mganga, kwa maana yeye yu mbali nawe u karibu. Ikiwa unao mfuko wa nailoni, uvae mkononi, upate kujilinda. Twaa kitambaa safi, kanga au shati, ulikandamize jeraha kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zako zote. Ikiwa jeraha la mkono au mguu ni refu kwenda ndani, lishindilie kitambaa mpaka chini, kisha ukandamize. Usifunue kila mara kutazama. Ukifunua, unang'oa kizibo. Ikiwa kitu kimechoma na kukaa ndani, usikichomoe. Kandamiza pembeni mwake. Ikiwa ni mkono au mguu, na damu haisimami kwa kukandamiza, chukua kitambaa kipana, si waya wala kamba nyembamba, ukifunge juu ya jeraha upande wa mwilini, umbali wa vidole vinne, wala si juu ya kiungo. Tia kijiti, ukizungushe mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga, wala usilegeze njiani. Kazi hiyo ni ya hospitali. Mlaze majeruhi, umfunike vizuri hata kama jua ni kali, kwa sababu damu iliyopoa haigandi vizuri. Usimpe chakula wala kinywaji, ijapokuwa atakuomba kwa machozi. Kisha apelekwe upesi, mkono wako ungali juu ya jeraha.

Walimu, nawaomba hayo myafundishe shuleni kama mfundishavyo hesabu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuyajua, na siku moja huenda akamwokoa baba yake shambani.

La moyo ni kutoa damu. Najua maneno yasemwayo vibarazani. Mmoja husema, “Damu yangu itaniishia.” La, haiishi. Hutolewa mililita 450 tu, yaani chini ya nusu lita. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe zake kwa majuma machache. Ndiyo maana hapa Tanzania mwanamume huruhusiwa kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke miezi 4, awe na umri wa miaka 18 mpaka 65, na uzito wa kilo 50 au zaidi, tena mwenye afya. Mwingine husema, “Nitaambukizwa ugonjwa.” Sindano ni mpya, nayo hutumika mara moja, ikatupwa. Damu yenyewe hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini za B na C, na kaswende, ili mpokeaji asidhurike. Mwingine husema, “Nitatoa ndugu yangu akiugua.” Huyu ndiye nimjibuye kwa habari ya kijana wa paja. Damu ya ndugu zake ilikuja kwa upendo, lakini ilikuja baada ya saa mbili.

Tena damu haiwekwi milele. Chembe nyekundu hudumu katika baridi siku 35 mpaka 42, kwa kadiri ya dawa iliyotiwa. Chembe sahani siku 5 tu au kuzidi kidogo. Kwa hiyo haifai watu kuja wengi siku moja ya msiba na kutoonekana mwaka mzima. Wengi wetu twakumbuka tarehe 7 Agosti 1998, siku ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa watu zaidi ya 200, na walioumia walikuwa maelfu. Watu walipanga mistari mirefu kutoa damu, na jambo hilo ni la sifa. Lakini siku ile pia ilionyesha ya kuwa nchi yahitaji akiba iliyopangwa, na baada yake Kenya ikaweka idara yake ya damu ya taifa. Nasi Tanzania tulianza Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004. Mwaka huo huo dunia ilianza kuadhimisha tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, kuwa siku ya wachangiaji wa damu.

Walimu mwajua ya kuwa sehemu kubwa ya damu yetu hutoka kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Shule zifungapo, jokofu hupungukiwa. Na wakati wa likizo na sikukuu ndio wakati magari yapindukapo. Vijana wanatimiza zamu yao. Sisi wazazi wao tumekaa wapi?

Basi ombi langu katika Yubile hii ni dogo. Kila mtaa uchague siku nne katika mwaka, mbili katika hizo ziwe wakati shule zimefungwa. Siku hizo zitangazwe kama itangazwavyo arusi. Wazee watangulie, vijana wafuate, na mwalimu aandike majina, ili mtu asije kabla ya wakati wake. Wale wasioweza kutoa kwa ajili ya umri au ugonjwa wapike chai.

Mtu atakayeipokea damu yako hutamjua. Yumkini leo yuko salama nyumbani kwake, atengeneza baiskeli yake au akata kuni, wala hajui kwamba kesho kutwa atabebwa juu ya mlango uliong'olewa. Yeye hawezi kukuomba, kwa kuwa hajaumia bado. Sharti umtangulie.

Maneno yangu yamekwisha. Bibi mwuguzi yuko katika darasa la tatu, upande wa kushoto wa uwanja, pamoja na vitanda vyake vinne na daftari. Atakuwapo mpaka saa kumi. Mimi nakwenda huko sasa hivi; anayetaka tufuatane, karibu.